Mwaka Tuliohesabiwa Kila Ijumaa

Tulimzika Shangazi Hawa kule Lurujo, kijijini kwetu upande wa Koboko, wiki mbili kabla ya Ramadhani, na tangu siku ile nimekuwa mtu wa kukasirika tu. Nakasirika na jua, nakasirika na kuku wa jirani, na zaidi ya wote nakasirika na kaka yangu Rajabu. Siku tatu za matanga tulikaa katika ua mmoja, tukala chakula cha sufuria moja, na hatukusemezana neno. Tulipopishana mlangoni tulipeana nafasi kama wapangaji. Sababu ni choo. Ndiyo, choo. Rajabu alinunua kiwanja kilichopakana na changu hapa Oli, mjini Arua, nikafurahi, nikasema sasa nina ndugu karibu. Kiwanja chote kile, nyuma kote kule kuko wazi mpaka mtoni, lakini yeye akaona choo chake kikae hatua nne kutoka jiko langu. Nilipomwambia, akajibu kwamba fundi ameshapima. Nikanyamaza. Huu ni mwaka wa pili nimenyamaza, na kila nikipika mboga nanyamaza zaidi.

Basi Jumanne iliyopita nimekaa nachambua simsim, ufuta wetu, akaingia Shamimu, binti yake Rajabu, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye adabu kuliko baba yake. Ameshika chupa tupu ya maji, imeoshwa vizuri, kifuniko kimefungwa. "Shangazi, baba anasema weka maji hapa." Nikamuuliza maji gani, kwani bomba lao limekauka? Akasema, "Hapana, maji ya safari. Sisi tunaenda Kampala, kule kwa bembea kubwa." Ungo wa simsim niliuweka chini taratibu. Chupa. Rajabu huyuhuyu, ambaye alikuwapo na aliona kwa macho yake, leo ananitumia chupa.

Kwa asiyetujua niseme kidogo. Kwetu, watu wa nyumba wakienda safari ndefu, yule aliye mkubwa kati ya dada za baba huchukua maji mdomoni akawapulizia kifuani na miguuni, ili waende salama na warudi wote. Masheikh hawakulipenda jambo hili. Baba alikuwa akisema, "Sheikh naye shangazi yake iko Yumbe, muulize kama haendagi huko." Sasa Baba ametangulia, Shangazi Hawa naye ametangulia, na kazi ya kupuliza maji imeniangukia mimi. Sikuiomba. Na chupa ile ilinirudisha moja kwa moja kwenye mwaka wangu wa kumi na tano, mwaka ambao Baba alipanga safari ya bembea hadi sote tukatamani safari zote duniani zifutwe.

Alitangaza mwezi wa kwanza, tukiwa mezani. Nakumbuka chakula: enyasa, ugali wetu wa mhogo na mtama, na samaki wa angara aliyepikwa na karanga, mwenye chumvi nyingi hata ulimi ukauma. Baba alinawa, akafuta mikono, akasema, "Mwaka huu tutaenda tena kule kwa mashine." Hakuna aliyeuliza mashine gani. Picha ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake: sisi sote mbele ya bembea kubwa la duara, lile linalopandisha watu juu mpaka waone paa za Kampala. Katikati ya picha alisimama Shangazi Hawa na leso yake ya njano, mdomo wazi, anacheka. Ilikuwa imepita miaka saba tangu picha ile. Kwa miaka hiyo saba jina la Shangazi Hawa halikutajwa sebuleni, ila picha yake haikuondolewa, na kila Jumamosi Mama aliipangusa vumbi. Wadogo zangu watatu wakaanza kurukaruka. Rajabu, ambaye alikuwa na miaka kumi na minane na tayari anajiona mzee, akauliza tunaenda lini. Baba akasema, "Kwanza kikao."

Jamani, vikao. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri tulikaa kwenye viti vya mbao, Baba na daftari lake kubwa, kalamu sikioni. Baba alilelewa kambini, mtoto wa mwanajeshi, na hakuna kilichomtoka. Kikao cha kwanza kilihusu nani atakaa wapi ndani ya basi. Cha pili kilihusu hilohilo, kwa sababu mdogo wetu wa mwisho alikuwa na tabia ya kutapika. Cha tatu, nani ataamka wa kwanza siku ya safari, ili amwamshe wa pili. Rajabu akauliza kama tunaweza kuzungumza juu ya mashine zenyewe, ipi tutapanda na ipi tutaacha. Baba akatazama daftari. "Hiyo agenda bado." Ilipofika mwezi wa nne tulikuwa hatujashuka kwenye basi hata siku moja, tena basi la kwenye karatasi. Mama alikuwa akipita na sufuria yake, anasema kwa sauti ya kutosha, "Kampala iko mbali. Nyinyi hata mlango hamujatoka."

Kisha ikaja filimbi. Baba aliinunua sokoni Koboko, filimbi ya chuma ya marefa, na akatuarifu kwamba kuanzia sasa ikilia, kila mtu, popote alipo, ana muda wa kuhesabu mpaka mia moja awe amesimama mstarini mbele ya nyumba. Ikilia sisi tunatoka mbio, mwingine ana povu la sabuni, mwingine kitabu kwapani, tunasimama kwa urefu, na Baba anapita akitugusa bega mmoja mmoja: moja, mbili, tatu, mpaka saba, na saba alikuwa yeye mwenyewe, anajigusa kifua. Halafu anarudia kuanzia mwisho. Hata Mama alisimama, na mwiko mkononi, uso umekunjamana. Majirani wa Oli walikuja na viti. Mama mmoja mwuza mandazi aliuliza kama tunaingia jeshini. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nina rafiki zangu, nina heshima yangu, na kila Ijumaa naguswa bega kama mbuzi wa mnada. Nilimchukia Baba kwa hilo, nasema kweli. Sikujiuliza kwa nini mtu mzima anaogopa hivyo kukosea hesabu ya watu saba. Au labda nilijua, na ndiyo maana nilichukia.

Maana ilikuwa hivi. Miaka saba nyuma, tulikwenda kule kwenye bembea kwa basi la kukodi pamoja na majirani. Saa ya kurudi Arua ikafika, dereva anapiga honi, Baba anafunga mizigo juu ya basi, akanipigia kelele kutoka kule juu: "Wewe, hesabu watu wetu." Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimeahidiwa kiti cha dirishani, na niliona nikichelewa Rajabu atakikalia. Nikapitisha macho haraka. Kwenye kiti cha Shangazi niliona leso ya njano imetandikwa. Nikahesabu leso. Nikasema, "Wote wako." Basi likaondoka. Tulifika Luwero ndipo Mama akagawa soda, moja ikabaki mkononi mwake, akauliza, "Hii ya Hawa?" Dereva alikataa kugeuza, basi lilikuwa na watu wengine na njia bado ndefu. Kumbe Shangazi alikuwa amerudi kupanda bembea mara ya tatu. Alilala kwa mwanamke mfagiaji wa pale, mtu asiyemjua, akaja kesho yake na lori la mizigo, akapita Arua bila kushuka, moja kwa moja mpaka Koboko. Baba alimfuata Lurujo kuomba msamaha. Shangazi alimfungia mlango watu wakiona. Ikaisha hapo, na safari za nyumba yetu nazo zikaisha.

Mimi niliishi miaka ile yote nikidhani kila mtu anajua ni mimi niliyesema wote wako. Nilidhani hawanitajii kwa huruma. Hilo lilinifanya niwe mkali bila sababu, na wakubwa wakasema mtoto huyu ana hasira za kina babu.

Mwezi wa saba, kikao kimeisha, nikawa naosha vyombo chini ya dirisha la chumba cha wazazi. Mama akasema, "Na maji?" Baba akajifanya hajasikia. Mama akarudia. "Unapanga kiti, unapanga kutapika, unapiga filimbi kama refarii. Maji ya safari nani atapuliza?" Baba akasema babu mmoja wa ukoo angeweza. Mama akamkumbusha kwamba babu yule alikufa, na yeye Baba mwenyewe ndiye aliyemwosha. Halafu Mama akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka na kuumia: "Wewe unataka maji ya dada yako, lakini dada yako mwenyewe hutaki."

"Mimi nilienda," Baba akasema. "Alinifungia mlango."

"Hiyo iko miaka saba."

"Mlango iko ile ile."

Wazee wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mama alilima peke yake miaka saba. Na Baba, badala ya kwenda, akapata akili. Likizo ya mwezi wa nane ilipoanza aliniita sebuleni, akanipa chupa ya plastiki. Mama alikuwa ameiosha mara tatu, na uso wake ulionyesha wazi anaona upuuzi gani. "Nenda Lurujo," Baba akasema. "Sema shangazi yako apulize maji humu. Mimi nitawapaka hapa." Nikamwuliza kama inawezekana. Akasema dawa ya hospitali pia hutembea kwa chupa. Nikaenda. Ningefanya nini?

Nilimkuta Shangazi uani, amekaa juu ya mkeka na mlima wa karanga zilizong'olewa mbele yake, anazichuma mizizini. Alikuwa amenenepa kidogo, na jino moja la mbele halikuwapo. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa chai ya tangawizi, akanipa kisira, ule mkate mwembamba kama chapati, na mboga ya mulukia, akaniambia nichume karanga huku nikila, maana mgeni wa Lurujo hakai bure. Nilipomaliza nikatoa chupa, nikasema maneno niliyotumwa. Aliitazama chupa. Alinitazama mimi. Halafu akacheka mpaka akashika mbavu, akaita jirani aje aone. "Ndugu yangu anataka mimi niteme mate ndani ya chupa, apeleke Arua." Jirani naye akacheka. Mimi nilikaa nimeinama, masikio yanawaka.

Alipochoka kucheka akafuta macho, na uso ukabadilika. "Mambia baba yako maji haiendi kwa chupa. Inatoka kwa mutu, inaingia kwa mutu." Akaendelea kuchuma karanga, kwa nguvu sasa. "Yeye aliniacha Kampala kama kikapu. Alijua mimi siko ndani. Nilichelewa kidogo, yeye akakasirika, akasema acha abaki, ajifunze. Mimi najua kichwa yake. Nilimwuliza siku alikuja hapa: wewe ulijua siko ndani? Anatazama chini tu. Hajibu. Mutu hajibu, maana yake nini?"

Alikuwa hajui. Miaka saba, na hajui. Baba alisimama mbele ya mlango ule, akaulizwa swali lenye jibu la maneno matatu, mtoto alikosea hesabu, na hakulisema. Alikubali kuitwa mtu aliyemtupa dada yake, mbele ya watu, kuliko kunitaja mimi. Na mimi nimekuwa nikimkunjia uso kila Ijumaa kwa sababu ya filimbi.

Nikasema. Sikusema vizuri, nilisema nikilia na mdomo umejaa kisira. Nilimwambia Baba alikuwa juu ya basi na mizigo, alinituma mimi, nikaona leso kwenye kiti, nikahesabu leso. Nikasema nilitaka dirisha.

Shangazi Hawa aliacha karanga. Nikasikia mbuzi wa jirani na mtu anatwanga mahali. Nilitegemea kofi. Mwishowe akauliza, "Leso yangu ya njano?"

"Ndiyo."

"Ilienda wapi?"

"Iko sandukuni. Baba hataki mtu avae. Kila mwaka anaambia Mama aanike, halafu wanarudisha."

"Leso nzuri sana ile," akasema. Akachukua karanga moja, akaivunja, hakuila. "Miaka saba mimi nimekasirika na mutu hana makosa." Halafu akauliza kesho kutwa ni siku gani. Nikasema Ijumaa. Akaniambia nilale pale, tutarudi pamoja, na chupa nimwachie, atatia mafuta ya simsim.

Tulifika Oli siku ile ya Ijumaa, alasiri imeshaswaliwa. Tulikuwa bado kwenye kona filimbi ikalia. Shangazi akauliza hiyo nini. Nikamweleza mbiombio, naona aibu. Alikaza mwendo, mwanamke mnene na mfuko wa karanga kichwani, na tulipofika mbele ya nyumba akaenda moja kwa moja kusimama mwisho wa mstari, baada ya mdogo wetu wa mwisho, akatua mfuko chini, akanyoosha mikono kama askari. Baba alikuwa ametupa mgongo, anahesabu kuanzia mbele. Mama, moja. Rajabu, mbili. Mimi nilikuwa nimejipenyeza, nikawa tatu. Nne, tano, sita. Mkono ukainuka kwenda kujigusa kifua aseme saba, ndipo akamwona. Mkono ukabaki hewani. Sijawahi kumwona Baba hivyo, si kabla si baadaye.

"Hesabu," Shangazi akamwambia. "Hii mara hesabu wewe mwenyewe. Usitume mtoto."

Baba alinitazama, akajua nimesema. Shangazi akamwuliza palepale, mbele ya mwuza mandazi na kila mtu, "Kwa nini hukuniambia ni mtoto?" Baba akajibu, "Ningesema nini? Mtoto iko miaka nane. Mkubwa wa safari ni mimi." Halafu akamgusa dada yake bega, akasema saba. Akajigusa mwenyewe, akasema nane. Mama aliingia ndani bila kuambiwa, akatoka na leso.

Watu hupenda niseme kwamba safari yenyewe ilikuwa nzuri. Wapi. Tulikwenda mwezi wa kumi na mbili. Shangazi alitupulizia maji asubuhi ile mpaka Rajabu akalalamika shati lake limelowa, na Baba akamwambia afunge mdomo asije akapuliziwa tena. Mdogo wetu alitapika kabla ya Pakwach, kwenye kiti kilekile kilichojadiliwa vikao vinne. Tulipofika, bembea kubwa lilikuwa linapakwa rangi, limefungwa kamba, halipandwi. Shangazi alisimama chini yake na leso yake ya njano, akalitazama, akasema halina neno, amelipanda mara tatu tayari na analijua. Baba hakupanda chochote. Siku nzima alizunguka na filimbi shingoni, anatuhesabu. Tulipoingia basini alihesabu mara nne, akagusa kila bega, na dereva akapiga honi mpaka akachoka. Nilikaa katikati. Dirisha nilimpa Shangazi.

Yote hayo Rajabu anayajua. Alikuwa namba mbili. Ndiyo maana chupa ilinikera hivyo. Nilimrudishia Shamimu mkononi, nikamwambia, "Mambie baba yako maji haiendi kwa chupa." Mtoto akaenda. Jumatano kimya, Alhamisi kimya. Nilipika, nikasikia harufu ya choo chake, nikajiambia aje mwenyewe, mimi ni mdogo wake, lakini katika jambo hili mimi ndiye shangazi. Nikajiambia nilivyo na haki. Nilikuwa na haki nyingi sana, zilijaa jiko zima, na hakuna hata moja iliyonikalia vizuri. Shangazi Hawa naye alikuwa na haki miaka saba, akaja kuhesabu alichopoteza akiwa hana jino.

Jana ilikuwa Ijumaa. Nimeinama nasonga enyasa, nikasikia filimbi upande wa pili wa ukuta. Sauti ileile ya chuma. Sikujua kwamba yeye ndiye aliyeichukua Baba alipofariki, mimi niliitafuta nyumba nzima. Nikasikia miguu ya watoto inakimbia, na mke wake anasema subiri, niko na unga mkononi. Nikaipua sufuria. Nikajaza kikombe maji, nikatoka, nikapita kando ya choo kile, nikaingia uani kwao. Walikuwa wamesimama kwa urefu. Nikaenda mwisho, baada ya mtoto mdogo kabisa, nikasimama na kikombe changu.

Rajabu alikuwa anahesabu. Amenyoa kichwa, na kwa nyuma ni Baba mtupu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akafika kwangu, mkono ukabaki hewani. Watoto wakatutazama. Akatazama ukuta wa jiko langu.

"Choo nitahamisha," akasema.

"Hesabu kwanza," nikamwambia.